Mmeniuliza Kuhusu Oduya, Nami Nawajibu

Dada yangu na shemeji,

Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kazini na mara ya pili ndani ya gari nikisubiri injini ipate joto. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na minne ambaye mnasema siku hizi havui viatu vyake vya magurudumu hata akitumwa dukani, amewaonyesha habari za mchezaji wa hoki ya barafuni aitwaye Johnny Oduya, mtu mwenye baba Mkenya, aliyetwaa kombe kubwa la Amerika Kaskazini mara mbili na kulipwa mamilioni ya dola. Mmeniuliza kama habari hizo ni za kweli, kama kijana anaweza kuletwa kwangu hapa Winnipeg, Canada, ili afuate njia hiyohiyo, na kama huku kuna ubaguzi. Shemeji naye, kwa upole wake wa siku zote, akaongeza kwamba haelewi inakuwaje mtu akae miaka kumi na sita katika nchi yenye pesa kama hizo na bado aseme kwamba mwezi huu mambo ni magumu. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu huwa natafuta maneno ya kuwafurahisha.

Habari ni za kweli. Johnny Oduya alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 1 Oktoba 1981, kwa baba Mkenya na mama Mswidi. Alicheza nafasi ya beki katika ligi kuu ya huku, ile iitwayo NHL, kuanzia mwaka 2006 hadi 2018, akacheza zaidi ya michezo 800 ya msimu wa kawaida na zaidi ya 100 ya hatua ya mtoano, na jina lake limechongwa kwenye Kombe la Stanley, ndilo hilo kombe kubwa, la mwaka 2013 na la mwaka 2015, akiwa na timu ya Chicago Blackhawks. Najua kwamba watu wa Siaya na wa Busia wamekwisha kuanza kuligombania jina hilo, na mimi mtu wa Changamwe, Mombasa, sitaingia kati. Lakini kuna jambo ambalo mpwa wangu hakulisema, ama kwa kuwa hakuliona au kwa kuwa aliliona vizuri mno: Oduya hakutoka Kenya kwenda kutafuta maisha. Aliyetoka ni baba yake. Yeye alizaliwa penye barafu, akaujua mchezo huu nyumbani kwao kama sisi tulivyoujua mpira wa makaratasi uwanjani Changamwe. Tukimwita mhamiaji mwenzetu aliyefanikiwa, tunampa safari ambayo hakuifunga yeye. Ughaibuni kwake kulianza alipoiacha Uswidi kwenda Canada, na safari hiyo ya kwanza haikumletea kitu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana huko nyumbani naona watu wanahesabu mshahara bila kujua unalipwa kwa jambo gani. Mimi, kama mjuavyo, natunza ukumbi wa barafu wa mtaa. Barafu ile ambayo watu hudhani ni bonge kubwa kama la kiwanda cha samaki, unene wake hauzidi vidole viwili. Tunaimwagia maji tabaka baada ya tabaka juu ya sakafu yenye mabomba ya kupoza, na kila baada ya mchezo tunaikwangua kwa mashine na kuipaka maji ya moto, kwa kuwa maji ya moto huganda yakiwa na mapovu machache zaidi. Juu ya barafu hiyo kila upande una watu sita: kipa mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Isipokuwa kipa, hakuna anayekaa uwanjani muda mrefu. Mtu huingia, hukimbia kwa nguvu zake zote kwa sekunde arobaini na tano hivi, kisha hutoka na mwingine kuingia bila mchezo kusimama, na hivyo ndivyo wanavyozungushana kwa vipindi vitatu vya dakika ishirini.

Kinachopigwa si mpira bali ni kipande bapa cha duara cha raba ngumu, uzito wake gramu 170 hivi, ambacho mimi hukiita kisahani. Kikipigwa na mtu mzima anayejua kazi yake huruka kwa kasi inayozidi kilomita 140 kwa saa. Kazi ya beki wa aina ya Oduya ni kuteleza kinyumenyume kwa wepesi uleule ambao adui anauleta kwa mbele, kumsukumia ukutani kabla hajageuka, na ikibidi kujilaza mbele ya kisahani ili kimpige yeye badala ya kumfikia kipa. Magoli si yake. Katika miaka yote hiyo, magoli yake ya msimu wa kawaida hayakufika hata 50, na hakuna aliyemdai zaidi. Mzee mmoja niliyemkuta kazini, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyenifundisha kutazama mchezo huu. Aliniambia nisikifuate kisahani kwa macho bali niutazame mgongo wa beki, kwa kuwa beki mzuri utamjua kwa mambo ambayo hayakutokea. Tangu hapo nimemtazama Oduya kwa namna hiyo, na nakiri kwamba ningemtazama tu hata kama angeitwa Svensson, ingawa kwa jina hilo nisingejivuna kazini.

Sasa njia aliyopita. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda Canada kucheza katika ligi ya vijana ya Quebec, kwanza timu ya mji wa Moncton, kisha ya Victoriaville. Mwaka 2001 timu za ligi kuu zilipokaa kuchagua vijana, kama zifanyavyo kila mwaka, yeye aliitwa katika mzunguko wa saba na timu ya Washington, akiwa wa 221. Maana yake ni kwamba vijana 220 walikwisha kuitwa kabla yake, na hata waliomwita hawakumpa mkataba. Akarudi Uswidi. Hakurudi kwenye timu kubwa: alianzia Hammarby, iliyokuwa daraja la pili, akapanda kwenda Djurgården, kisha Frölunda ya mji wa Gothenburg, na ilipofika mwaka 2006 ndipo New Jersey Devils walipomwita tena ng'ambo ya bahari. Alipocheza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu alikuwa amekwisha kutimiza miaka 25, umri ambao vijana walioitwa mwanzo mwaka ule wa 2001 walikuwa na misimu kadhaa mgongoni.

Hapo nawaomba msipite haraka, kwa sababu hiyo miaka mitano ndiyo inayonigusa mimi. Mtu alikwenda nje, akajaribu, hakuchukuliwa, akarudi kwao kufanya kazi daraja la chini mpaka akakomaa. Huko kwetu, dada, mtu akirudi baada ya mwaka mmoja bila gari na bila kiwanja, mtaa mzima utamwuliza amefukuzwa kwa kosa gani, na mama atalazimika kusema yuko likizo. Mimi mwenyewe mwaka 2010 nilikuwa na tiketi ya kurudi mkononi. Niliirudisha si kwa sababu nilikuwa nimeona mwanga wowote, bali kwa sababu akilini nilimwona shangazi akinitazama mlangoni, akitazama nyuma yangu kama kuna sanduku la pili. Sijui ningekuwa nani leo kama ningerudi. Najua tu kwamba Oduya alirudi, na kurudi kule hakukuwa mwisho wake.

Pesa. Mwaka 2009 New Jersey walimpa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 10.5. Mwaka 2012 Chicago walimpa miaka mitatu mingine kwa dola milioni 10 na ushei, na mwaka 2015 Dallas walimpa miaka miwili kwa dola milioni 7.5. Shemeji, najua umeshachukua kalamu. Kabla hujazigeuza kuwa shilingi, kumbuka kwamba kodi inakatwa na serikali kuu na pia na majimbo mengi ambamo timu inakwenda kucheza, hivyo mchezaji hujaza karatasi za kodi za mahali alipolala usiku mmoja tu. Wakala ana asilimia yake. Tena ligi huzuia sehemu ya mshahara wa kila mchezaji mpaka hesabu za msimu zifungwe, ili fungu la wachezaji wote kwa pamoja lisizidi kile walichokubaliana na wenye timu, na mapato yakiwa madogo, kilichozuiwa hakirudi chote. Mshahara wenyewe hulipwa ndani ya msimu, si mwaka mzima. Simlilii tajiri, kwa sababu baada ya kukatwa kote huko alibaki na pesa ambazo ukoo wetu mzima, tangu babu alipoanza kazi bandarini, haujazigusa. Nataka tu mzipime pamoja na umri. Baba alistaafu akiwa na miaka hamsini na mitano akapewa saa ya ukutani na mafao. Oduya alicheza mchezo wake wa mwisho wa ligi kuu akiwa na miaka 36, na magoti ya mtu wa kazi hiyo hayana umri huo.

Kuna jambo la kazi hii ambalo kwangu lina uzito kuliko pesa, nalo ni mwezi wa pili. Katika ligi hii timu hubadilishana wachezaji, na siku ya mwisho ya kubadilishana huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mchezaji haulizwi, isipokuwa kama mkataba wake una kipengele cha kumlinda, na vipengele hivyo hupewa wachache. Huambiwa kwa simu, mara nyingi asubuhi, na jioni anatakiwa awe katika mji mwingine akivaa rangi za watu ambao jana aliwasukumia ukutani. Nyumba ina vyombo, watoto wana shule, kama anao, na yeye yuko uwanja wa ndege na begi la viatu.

Tarehe 4 Februari 2010 New Jersey walimtaka mfungaji mkubwa wa Kirusi, Ilya Kovalchuk, aliyekuwa Atlanta. Oduya akawa sehemu ya malipo, pamoja na vijana wengine wawili na haki ya kuchagua mchezaji mmoja asiyejulikana bado. Akaenda Atlanta, ambako kulikuwa na jambo la nadra katika mchezo huu: msimu wa 2010 hadi 2011 timu ile ilikuwa na wachezaji weusi watano, akiwemo yeye, Dustin Byfuglien na Evander Kane, katika ligi ambayo mweusi wa kwanza kabisa, Willie O'Ree, aliingia uwanjani tarehe 18 Januari 1958 na ambayo hata leo unaweza kutazama mchezo mzima usimwone hata mmoja. Kisha Atlanta ikaipoteza timu. Tarehe 31 Mei 2011 ilitangazwa kwamba timu nzima imeuzwa na itahamia hapa Winnipeg, mji ambao ulinyang'anywa timu yake mwaka 1996 ikapelekwa Phoenix jangwani, na ambao kwa miaka kumi na mitano ulikuwa ukiizungumzia kama mtu anavyomzungumzia ndugu aliyezama baharini. Nilikuwapo siku hiyo. Watu walifunga makutano ya barabara za Portage na Main, wakicheza hoki kwa viatu vya kawaida juu ya lami, na mimi mgeni wa miaka miwili nilisimama nao bila kujua nashangilia nini.

Hivyo Oduya akaja kwangu bila mimi kumfuata. Msimu ule nilipewa tiketi moja na mtu aliyekuwa mgonjwa, nikakaa juu kabisa karibu na dari, na mara ya kwanza nilipoliona jina ODUYA limeandikwa mgongoni mwa mtu anayeteleza kinyumenyume, katika mji wa baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, nilikumbuka mwalimu akiita majina ya darasa letu la sita. Nilitaka kumwambia jirani yangu wa kiti. Nikakosa la kusema, kwa kuwa kumwambia mzungu kwamba mchezaji yule ni ndugu yangu kungehitaji maelezo marefu, na sehemu kubwa ya maelezo hayo isingekuwa kweli.

Mwaka huohuo wa 2011 ndugu yake mkubwa, Fredrik, alifariki katika ajali ya pikipiki. Mpwa wangu hakuwaonyesha habari za Fredrik, nami simlaumu, kwa kuwa habari za namna hiyo haziitwi mafanikio. Fredrik naye alikuwa beki. Timu ya San Jose ilimchagua mwaka 1997, miaka minne kabla ya mdogo wake kuchaguliwa, naye akavuka bahari akacheza katika ligi za chini za Marekani, zile za safari ndefu za basi na mishahara ya kuhesabu, bila kupata kucheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Ndugu wawili, jina moja, nafasi moja uwanjani, mchezo uleule. Mmoja ana makombe mawili na mwingine hana kitu ambacho kingewafanya ninyi mnipigie simu. Kila mtu wa kwetu anayetaka kumleta mtoto huku kwa sababu ya Johnny, namwomba amkumbuke na Fredrik.

Tarehe 27 Februari 2012 simu ikaja tena. Chicago walimchukua kwa kuwapa Winnipeg haki mbili za kuchagua vijana mwaka uliofuata, moja ya mzunguko wa pili na nyingine ya mzunguko wa tatu. Hebu fikirini maana yake: mtu mzima wa miaka 30, mwenye michezo mia kadhaa ya ligi kuu, alibadilishwa na vijana wawili ambao hawakuwa na majina bado, ambao wakati ule walikuwa shuleni mahali fulani hawajui lolote. Katika muda wa miaka miwili na wiki chache alikuwa amecheza New Jersey, Atlanta, Winnipeg na Chicago, na miji mitatu kati ya hiyo hakuichagua. Mimi mwaka wangu wa pili huku niliambiwa kwa simu, Ijumaa jioni, kwamba Jumatatu nisirudi kiwandani, na malipo ya saa za ziada za wiki tatu nikayakosa kwa kuwa sikujua ofisi ya kulalamikia. Nilidhani hayo humpata mtu asiye na vyeti. Nilipomwona beki wa mamilioni akiondolewa kwa namna ileile, sikufarijika, lakini nilielewa kwamba huku mshahara mkubwa haukununulii haki ya kuulizwa.

Mambo yaliyofuata Chicago ndiyo aliyowaonyesha mpwa wangu, nami nitayapitia kwa furaha kwa sababu niliyaona kwa macho yangu, kwenye runinga ya chumba cha mashine. Msimu wa 2013 ulichelewa mpaka Januari kwa mgogoro wa wenye timu na wachezaji, ukawa wa michezo 48 badala ya 82. Fainali ilikuwa dhidi ya Boston. Katika mchezo wa kwanza Chicago walikuwa nyuma kwa magoli matatu kwa mawili, Oduya akapiga kisahani kutoka mbali, kikagonga kiatu cha mchezaji wa Boston na kuingia wavuni. Mchezo ukaenda vipindi vitatu vya nyongeza kabla Chicago hawajashinda. Katika mchezo wa sita, tarehe 24 Juni 2013, huko Boston, wenyeji walikuwa mbele mawili kwa moja ikiwa imebaki dakika moja na sekunde kadhaa. Bryan Bickell akasawazisha. Sekunde kumi na saba baadaye Oduya akapiga tena, kisahani kikamgusa mwenzake Michael Frolik, kikagonga mlingoti, kikamwangukia Dave Bolland, naye akakisukuma ndani. Ikawa kombe. Yule mzee wa kazini, ambaye hakuwapenda Chicago hata kidogo, alizima runinga akasema yule beki wako angalau amepiga. Goli liliandikwa kwa jina la Bolland, na hivyo ndivyo ilivyo sahihi.

Februari moja tu ilimtendea wema. Tarehe 23 Februari 2014 alicheza fainali ya Olimpiki ya Sochi akiwa na timu ya taifa ya Uswidi, wakafungwa na Canada matatu kwa bila, akapata medali ya fedha. Angalieni jezi: ya njano na bluu. Nchi iliyompa barafu ndiyo iliyomvisha medali. Mwaka uliofuata Chicago wakafika fainali tena, na safari hii, beki mmoja alipoumia katikati ya hatua ya mtoano, kocha Joel Quenneville aliwaamini mabeki wanne tu, Duncan Keith, Brent Seabrook, Niklas Hjalmarsson na Oduya, akawachezesha mpaka wakaisha, huku wale wengine wakipewa dakika za kubahatisha. Walishinda tarehe 15 Juni 2015. Wiki chache baadaye hakuwa wa Chicago tena. Ligi ina kikomo cha mishahara kwa kila timu, nyota wawili wa timu walikuwa wamepewa mikataba mikubwa inayoanza msimu huo, na wengine ilibidi waondoke. Oduya akaenda Dallas.

Baada ya hapo simu za Februari zikarudi. Tarehe 28 Februari 2017 Dallas walimrudisha Chicago, akiwa anatoka kwenye majeraha. Akaenda Ottawa kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mwisho wa Februari 2018 Ottawa wakamwacha, Philadelphia wakamwokota, akawachezea mchezo mmoja. Mmoja. Huo ndio uliokuwa wa mwisho wake katika ligi hiyo, bila sherehe na bila hotuba uwanjani, katika mji ambao nadhani hakuwahi hata kuutolea masanduku yote.

Sasa kijana. Dada, nitakwambia wazi ili usinisubiri: siwezi kumleta, na kama ningeweza nisingemleta kwa ajili ya hoki. Mbele ya ofisi ya uhamiaji mjomba si mzazi. Mtoto wa miaka kumi na minne angehitaji kibali cha masomo, karatasi za ulezi zilizothibitishwa pande zote mbili, na karo ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo ni kubwa kuliko kodi ya nyumba yangu. Watoto wa huku ninaowafungulia mlango saa kumi na mbili asubuhi walianza wakiwa na miaka minne, wakisukuma viti vya plastiki barafuni ili wasianguke, na wazazi wao hutumia maelfu ya dola kila msimu kwa magongo, kofia ngumu, vikinga, safari na saa za uwanja. Nawajua wengi wao tangu wakiwa wadogo wa kufungwa kamba za viatu. Hakuna hata mmoja wao aliyeingia ligi kuu. Hawa ni watoto wenye barafu mlangoni, na mto unaoganda hadi magari yanaweza kupita juu yake.

Ubaguzi mliouliza upo, nami sitauficha wala kuukuza. Baba wa mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama nimepotea, nikiwa nimeshika funguo za ukumbi. Nilimfungulia mlango.

Lakini Nairobi kuna barafu, na hilo nashangaa hamkuliwaza. Kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005, mdogo kuliko wa mashindano, na hapo ndipo walipojifunzia vijana wa Kenya Ice Lions, ambao wengi wao walianza kwa viatu vya magurudumu kama mpwa wangu. Mwaka 2018 walialikwa hapa Canada wakacheza pamoja na nyota wa ligi kuu, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mtu asiyejua hoki hawezi kupima ukubwa wa jambo hilo. Ni kama vijana wa Changamwe kuvalishwa jezi moja na Messi. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Mwana wenu akitaka kuvaa jezi ya taifa, njia hiyo ni fupi kuliko ya kupitia kwangu, na nauli yake mnaimudu.

Shemeji, swali lako nimeliacha mpaka hapa kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilipofika huku nilikuwa nalipwa dola kumi na senti kidogo kwa saa, nami nikawaambia kwamba mambo ni mazuri. Hapo ndipo nilipokosea. Leo nalipwa zaidi, nina bima, nina kazi ambayo sijafukuzwa kwa zaidi ya miaka kumi, na baada ya kodi ya nyumba, gesi ya kupashia joto, gari ambalo bila hilo siwezi kufika kazini usiku, na kile ninachomtumia mama, hubaki kitu ambacho Januari hukimaliza. Si umaskini, na si kile ulichokiona kwenye picha zangu za mwanzo, ambazo nyingi nilipiga mbele ya magari ya watu. Pesa za Oduya ziko katika nchi hii kweli, kama vile meli zilivyo bandarini Kilindini, na wewe mwenyewe umefanya kazi Kilindini miaka ishirini.

Ninachoweza nitafanya. Ukumbini kwetu watoto wakikua huacha viatu vya barafu ambavyo havijachakaa, na meneja ameniruhusu nichukue jozi moja, nitakayoinoa mwenyewe kabla ya kuituma. Msinitumie namba ya kiatu chake cha shule, kwa kuwa viatu hivi huvaliwa vidogo kwa namba moja au moja na nusu. Mchoreni unyayo wake juu ya karatasi, miguu yote miwili, akiwa amesimama wima na si ameketi, jioni wakati mguu umejaa, muweke rula kando ya mchoro na mnitumie picha kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi kuna mtu wa Kasarani anayesafiri na amenipa kilo mbili tu.